Yubikwitini ya Mmea: Protini ya Maabara, Mafunzo Yake, na Sababu ya Kutoitwa Dawa

Katika jokofu la maabara ya utafiti wa tiba huweza kukutwa kichupa cha plastiki kisichozidi ukubwa wa kidole cha mwisho, chenye matone machache ya kimiminika kisicho na rangi. Lebo yake inaeleza kwamba ndani mna yubikwitini ya mmea, yenye asidi amino 76, iliyotengenezwa ndani ya bakteria kwa kupandikiza jeni, na kwamba itumike kwa utafiti tu. Kwa mtafiti, maelezo hayo yanatosha. Kwa mhudumu wa afya, na zaidi kwa mgonjwa aliyekwisha kusikia kwamba protini hiyo inahusiana na saratani, maelezo hayohayo huzaa maswali mawili. Protini ya mmea inatafuta nini katika uchunguzi wa maradhi ya binadamu? Na ikiwa imetokana na mmea, tena imesafishwa, kwa nini mtu asiinywe wala asidungwe?

Somo hili linayajibu maswali hayo kwa zamu. Msomaji akilimaliza, anatarajiwa aweze kueleza kazi ya yubikwitini ndani ya seli, jinsi protini hiyo inavyozalishwa na kupimwa maabara, uhusiano wake na baadhi ya maradhi na dawa zinazojulikana wodini, na maana halisi ya maneno "kwa utafiti tu".

Protini iliyopo kila mahali

Mwaka 1975 Gideon Goldstein na wenzake walitangaza kupata protini ndogo kutoka katika tezi ya thaimasi ya ndama. Walipoitafuta katika tishu nyingine waliikuta pia, ndipo ikapewa jina lenye asili ya Kilatini linalomaanisha "kila mahali". Leo inafahamika kwamba imo katika seli za wanyama, mimea na kuvu. Bakteria wa kawaida wa maabara, Escherichia coli, hana protini hiyo, na jambo hilo litakuwa na umuhimu wake hapo mbele.

Kazi ya yubikwitini ilifumbuliwa na watafiti waliokuwa wakiulizana swali jingine kabisa. Avram Hershko na mwanafunzi wake Aaron Ciechanover, wa chuo cha Technion mjini Haifa, wakishirikiana na Irwin Rose wa Philadelphia nchini Marekani, walitaka kujua kwa nini seli hutumia nishati inapovunja protini zake yenyewe. Nyama humeng'enywa tumboni bila seli kulipa nishati kwa kila protini inayokatwa. Iweje ubomoaji wa ndani ya seli uwe na gharama? Kwa kutumia maji ya seli changa nyekundu za damu ya sungura, walibaini kwamba nishati hiyo hutumika kuweka alama juu ya protini inayotakiwa kuondolewa. Mwaka 1980 ilithibitika kwamba kitu kinachobandikwa kama alama ni yubikwitini. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004.

Mfano wa mtaani unaweza kusaidia. Nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara hupigwa alama ya X nyekundu ukutani. Alama yenyewe haibomoi kitu. Inamwelekeza dereva wa tingatinga nyumba ipi ivunjwe na zipi ziachwe. Yubikwitini ni alama hiyo. Tingatinga ni proteasomu, mtambo mkubwa wa protini wenye umbo la pipa, ambao huipokea protini iliyotiwa alama, huikunjua na kuikata vipande vifupi. Vipande hivyo huvunjwa zaidi na kutumika tena kujengea protini mpya, kama matofali mazima yanavyookotwa kwenye kifusi. Yubikwitini yenyewe hubanduliwa kabla ya ubomoaji, ikasubiri kazi nyingine.

Hatua tatu za kuweka alama

Alama haiwekwi ovyo. Kimeng'enya cha kwanza, E1, huiamsha yubikwitini kwa kutumia ATP, ambayo ndiyo sarafu ya nishati ya seli. Cha pili, E2, huipokea na kuibeba. Cha tatu, E3, huitambua protini inayolengwa na kusimamia ubandikaji. Binadamu ana aina mbili tu za E1, takriban 40 za E2, na zaidi ya 600 za E3. Wingi huo wa E3 una sababu: hizo ndizo zinazochagua, na kila moja ina orodha yake ya protini inazozitambua.

Yubikwitini hubandikwa kwa mkia wake, yaani kwa glisini iliyo nafasi ya 76. Juu ya mwili wake mna lisini saba, na kila moja yaweza kupokea yubikwitini nyingine, hivyo mnyororo ukaundwa. Mnyororo uliounganishwa kupitia lisini ya 48 kwa kawaida huipeleka protini kwenye proteasomu. Ule wa lisini ya 63 hauna maana ya ubomoaji. Hutumika katika shughuli nyingine, kama vile urekebishaji wa DNA na upelekaji wa taarifa ndani ya seli. Ni sawa na kusema kwamba rangi na umbo la alama ukutani ndivyo vinavyoamua kama nyumba itavunjwa au inapimwa tu.

Kwa nini mmea?

Mmea hauna miguu. Ukame, jua kali, chumvi na wadudu vinapoujia, hauwezi kuhama. Unachoweza ni kuzibadilisha protini zake upesi. Pengine ndiyo maana mfumo wa yubikwitini umestawi mno kwa mimea. Mmea mdogo uitwao Arabidopsis, unaotumiwa sana katika utafiti wa jenetiki, una aina za E3 zaidi ya 1,000, hesabu inayompita binadamu.

Mambo kadhaa yenye faida kwa tiba yalionekana kwanza shambani. Mwaka 1987 watafiti nchini Marekani walionesha kwamba miche ya oti iliyokuzwa gizani, ikimulikwa kwa mwanga mwekundu, huiwekea yubikwitini protini yake ya kupokea mwanga, na protini hiyo hutoweka. Jeni iitwayo COP1 ilibainishwa kwanza katika Arabidopsis, kwa kuwa mche wenye kasoro ya jeni hiyo ulikua gizani kana kwamba uko juani. Baadaye ilifahamika kwamba binadamu pia ana COP1, na kwamba ni E3 inayoweza kuilenga protini p53, mlinzi mashuhuri wa seli dhidi ya saratani.

Ufanano wenyewe ni wa ajabu. Kati ya asidi amino 76, yubikwitini ya mimea inatofautiana na ya binadamu katika nafasi tatu tu. Nafasi ya 19 binadamu ana prolini, mmea una serini. Nafasi ya 24 binadamu ana glutamati, mmea una aspartati. Nafasi ya 57 binadamu ana serini, mmea una alanini. Nafasi 73 zilizobaki hazikubadilika tangu nasaba ya mimea na ya wanyama zilipoachana, zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Umbo la molekuli ya oti lilipolinganishwa na la binadamu, yalikuwa karibu sawa, na tofauti hizo zilikaa upande mmoja wa uso wake.

Hapa linapatikana jibu la swali la kwanza. Mtafiti anayechunguza vimeng'enya vya mmea huhitaji yubikwitini ya mmea ili jaribio lake lifanane na hali halisi ya seli hiyo. Anayechunguza maradhi ya binadamu huweza kuilinganisha na ya binadamu, aone kama nafasi hizo tatu zina athari yoyote. Kanuni za mfumo huu hufundishika kwa kutumia yoyote kati ya hizo mbili.

Jinsi inavyotengenezwa

Jina "ya mmea" linaweza kupotosha, kwa sababu hakuna jani linalotwangwa. Jeni ya yubikwitini ya mmea hunakiliwa au huundwa upya kikemia, kisha hupachikwa katika plazmidi, ambayo ni duara dogo la DNA. Plazmidi huingizwa ndani ya bakteria Escherichia coli, naye hukuzwa katika mchuzi wa virutubisho. Wanapofikia idadi ya kutosha, huongezwa kemikali inayoiwasha jeni hiyo, na bakteria huanza kuzalisha protini ambayo wao wenyewe hawana kazi nayo.

Kutokuwa na kazi nayo ndiyo faida. Kwa kuwa bakteria hao hawana yubikwitini ya asili, kinachopatikana hakichanganyiki na cha kwao. Kwa kuwa hawana E1, E2 wala E3, yubikwitini mpya haibandikwi kwenye protini zao, hubaki huru.

Kisha bakteria hupasuliwa na protini husafishwa. Hapo yubikwitini huonesha tabia isiyo ya kawaida: huvumilia joto la nyuzi 80 za Selsiasi bila kupoteza umbo, wakati protini nyingi za bakteria huganda kama ute wa yai sufuriani. Wengine hutumia asidi badala ya joto, kwa matokeo yaleyale. Yaliyoganda hutenganishwa kwa mashine ya kuzungusha, na kimiminika kilichobaki hupitishwa katika mabomba ya kuchuja protini kwa chaji na kwa ukubwa. Ikiwa kipande cha utambulisho kimeongezwa ili kurahisisha usafishaji, kwa kawaida huwekwa kichwani, maana mkia wenye glisini ya 76 ukizibwa, yubikwitini haiwezi kubandikwa popote.

Mwisho hupimwa. Katika jeli ya umeme inapaswa kuonekana mstari mmoja mahali pa protini ndogo, kwani uzito wake ni takriban kilodaltoni 8.5. Hugawanywa katika vichupa vidogo na kugandishwa, ili kila siku ya kazi itumie kichupa chake na kisichobaki kisigandishwe na kuyeyushwa mara kwa mara.

Kinachofanyika ndani ya mrija

Jaribio la msingi ni rahisi kulieleza. Katika mrija mmoja huwekwa E1, E2, E3, yubikwitini, protini inayolengwa, magnesiamu na ATP. Baada ya muda katika joto linalofaa, mchanganyiko hupitishwa kwenye jeli. Ikiwa alama zimewekwa, protini inayolengwa haionekani tena kama mstari mmoja. Huonekana ngazi inayopanda, kila kidato kikiwa yubikwitini moja zaidi.

Ngazi hiyo peke yake haitoshi kuaminika. Kando yake lazima uwepo mrija usio na ATP, mwingine usio na E3, na mwingine usio na protini inayolengwa. Ngazi ikijitokeza hata pale ATP isipokuwepo, basi mtafiti ameona uchafu au kosa, na hakuna haki ya kuliita tokeo. Wakati mwingine hutumiwa yubikwitini ambayo lisini yake ya 48 imebadilishwa kuwa arginini. Minyororo ikikoma kuundwa, imejulikana ilikuwa ikipitia wapi. Mhudumu wa maabara ya hospitali ataitambua nidhamu hii: ni ileile ya kutosoma kipimo cha mgonjwa kabla ya kuhakiki sampuli za udhibiti.

Kutoka kwenye mrija hadi wodini

Ujuzi uliopatikana kwa njia hiyo umefika kwa wagonjwa kwa barabara tatu zinazofaa kufahamika.

Ya kwanza ni kuelewa chanzo cha maradhi. Virusi vya HPV vya aina ya 16 na 18, ambavyo husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za shingo ya kizazi, hutengeneza protini iitwayo E6. Protini hiyo huiteka E3 ya mwanamke mwenyewe na kuielekeza kwa p53. Ni kama mtu mwovu aliyemshika mkono mpiga chapa akamlazimisha kuweka X kwenye kituo cha polisi. Mlinzi akiisha kubomolewa, seli yenye DNA iliyoharibika huendelea kugawanyika. Virusi vya UKIMWI navyo hutumia hila ya jamii hiyo: protini yao Vif husababisha kuwekewa alama kwa APOBEC3G, kinga ya ndani ya seli.

Ya pili ni dawa zinazouzuia mtambo. Bortezomibu huizuia proteasomu, na iliidhinishwa Marekani mwaka 2003 kutibu mayeloma, saratani ya seli za plazma katika uboho. Seli hizo huzalisha protini nyingi mno, hivyo taka zikirundikana hufa mapema kuliko seli nyingine. Hata hivyo seli za kawaida nazo huihitaji proteasomu; ndiyo sababu mgonjwa hupata ganzi na maumivu ya miguu, chembe sahani hupungua, na mkanda wa jeshi huweza kuibuka. Muuguzi anayemuuliza mgonjwa kama anahisi vema nyayo zake anafuatilia athari ya kuusimamisha mtambo huu.

Ya tatu ni dawa zinazobadilisha uchaguzi wa E3, nayo ina historia yenye uchungu. Thalidomidi iliuzwa kuanzia mwaka 1957 kama dawa ya usingizi na ya kutuliza kichefuchefu cha ujauzito. Iliondolewa sokoni mwaka 1961 huko Ujerumani Magharibi, baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo vilivyodumaa. Mwaka 2010 watafiti wa Japani walibaini kwamba dawa hiyo hushika serebloni, ambayo ni sehemu ya E3. Thalidomidi na ndugu yake lenalidomidi huifanya E3 hiyo izishike protini ambazo isingezishika. Katika mayeloma, hilo huua saratani. Katika mimba changa, hudhuru mtoto. Kumbe mimea ilikuwa na mbinu ya namna hiyo tangu kale: homoni yake ya ukuaji, auksini, hukaa kati ya E3 na protini inayolengwa na kuzigandisha pamoja.

Jambo moja katika historia hiyo linastahili kutiwa mkazo. Panya hawadhuriki na thalidomidi kama binadamu, na mojawapo ya sababu ni tofauti ya asidi amino moja katika serebloni, mahali dawa inaposhikiwa. Asidi amino moja! Basi mtu akisema kwamba yubikwitini ya mmea na ya binadamu ni kitu kimoja kwa kuwa zinatofautiana kwa tatu tu, ajibiwe kwamba udogo wa tofauti hauonyeshi ukubwa wa athari. Athari hujulikana kwa kupimwa.

Maana ya maneno kwenye lebo

Protini zilizotengenezwa kwa kupandikiza jeni si ngeni hospitalini. Insulini ya binadamu inayozalishwa kwa njia hiyo iliidhinishwa mwaka 1982. Chanjo ya homa ya ini aina ya B na ile ya HPV, ambayo Tanzania iliianza nchini kote mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019, ni protini za namna hiyo pia. Kinachozitenganisha na kichupa cha yubikwitini si aina ya teknolojia. Ni safari iliyopitiwa.

Protini ya kudungwa hutengenezwa kwa masharti ya uzalishaji wa dawa: kila hatua huandikwa, kila kundi hupimwa kama halina vijidudu, na kiasi cha endotoksini hudhibitiwa. Endotoksini ni mabaki ya ukuta wa bakteria kama Escherichia coli, na ikiingia katika damu huleta homa, hushusha shinikizo la damu na huweza kuua. Kisha dawa hujaribiwa kwa wanyama, kwa watu wachache, halafu kwa wengi, ndipo mamlaka husika, kama Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kwa Tanzania, hukubali kuisajili. Kichupa cha utafiti hakikupitia lolote kati ya hayo. Kinaweza kuwa safi kabisa kwenye jeli na bado kikawa hatari kwenye mshipa. Aidha, hata kingekuwa salama, hakuna maradhi yanayotibiwa kwa kuongeza yubikwitini: kila seli hujitengenezea yake, na tatizo la saratani ya shingo ya kizazi halikuwa upungufu wa alama, lilikuwa alama kuwekwa pasipostahili.

Mazungumzo na mgonjwa

Hutokea familia ya mgonjwa wa saratani ikafika kliniki na karatasi inayosifu "protini ya asili ya mimea inayosafisha seli". Mhudumu asiwadhihaki. Waliileta kwa sababu wanampenda mtu wao. Mambo manne yafaa kuelezwa kwa utulivu.

Kwanza, yubikwitini ya mmea imo tayari katika mchicha, mahindi na maharage. Protini za chakula humeng'enywa, na mwili hutumia asidi amino zake. Pili, yubikwitini isichanganywe na yubikwinoni, ambayo huuzwa kama kirutubisho kwa jina la Q10. Majina yanafanana kwa kuwa yote yametokana na neno la "kila mahali", lakini yubikwinoni si protini, na kazi yake ni katika uzalishaji wa nishati. Tatu, bidhaa yenye maneno "kwa utafiti tu" haifai kunywewa, kupakwa wala kudungwa. Nne, na hili ndilo zito, fedha na wiki zinazotumika kutafuta bidhaa hiyo huchukuliwa kutoka kwenye tiba iliyothibitishwa. Saratani ya shingo ya kizazi inayogunduliwa mapema hutibika. Ikicheleweshwa, mlango huo hufungwa.

Ikiwa mgonjwa amekwisha kutumia bidhaa yoyote isiyosajiliwa, na aulizwe bila kulaumiwa, chupa iletwe, jina lake liandikwe kwenye faili, na daktari anayemtibu aarifiwe kabla ya dozi inayofuata.

Mambo ya kukumbuka

Yubikwitini ni protini ya asidi amino 76 inayobandikwa juu ya protini nyingine kama alama. Aina ya mnyororo huamua hatima ya protini hiyo. Ya mmea inatofautiana na ya binadamu kwa nafasi tatu. Huzalishwa ndani ya bakteria asiye nayo ili ipatikane ikiwa huru. Ujuzi wake umeeleza hila ya HPV na kuzaa dawa za mayeloma, lakini yenyewe haijawahi kuwa dawa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini uvunjaji wa protini ndani ya seli huhitaji ATP, ilhali umeng'enyaji wa tumboni hauihitaji kwa namna hiyo?
2. Ngazi imeonekana kwenye jeli hata katika mrija usio na ATP. Mtafiti aamue nini?
3. Eleza, kwa maneno ambayo mgonjwa atayaelewa, jinsi HPV inavyoitumia E3 ya seli.
4. Mgonjwa anayetumia bortezomibu analalamika ganzi ya nyayo. Dalili hiyo inahusianaje na kazi ya proteasomu, na nani aarifiwe?
5. Ndugu wa mgonjwa anasema: "Hiki kichupa kimesafishwa, tena ni cha mmea." Mjibu kwa sentensi tatu, bila kumvunjia heshima.